Saruji ya Shukrani

Jumamosi, tarehe 25 Julai 2009. Asubuhi anga ilikuwa safi na kando ya mfereji kulikuwa na baridi kidogo. Kufikia mchana mawingu yalikuwa yameanza kujazana juu ya milima ya mashariki, kama yafanyavyo kila siku mwezi huo, na kila mtu pale El Encinal aliyekuwa na turubai alilitoa stoo na kulikung'uta vumbi.

Mwalimu Eufelia Abeyta alirudi kijijini asubuhi hiyo, kwenye kiti cha mbele cha gari la Casimira, binti wa kaka yake, mto mdogo umewekwa chini ya nyonga na mkongojo ukiwa katikati ya magoti. Alikuwa na miaka sabini na minne. Aliondoka Novemba, baada ya kuteleza kwenye barafu alipokuwa akienda kuwasha jiko la ukumbi anaofundishia uchongaji kabla watoto hawajafika, na tangu hapo alikuwa mjini Pueblo kwa Casimira, katika chumba ambacho dirisha lake lilitazama gereji ya jirani. Nyonga iliunga. Uchovu haukuondoka. Uliingia siku zile za hospitali, ukavua viatu, ukakaa.

"Shangazi," Casimira alisema walipoiacha barabara kuu, "wamesema usiangalie ukumbi kwanza. Kuna kitu wamekuandalia."

"Kitu gani?"

"Nikikuambia kitakuwa kitu tena?"

"Mimi ni mzee. Wazee hawashtuliwi, huzikwa."

"Basi fumba macho, tupite."

Hakufumba. Huwezi kumwambia mtu afumbe macho akipita mbele ya nyumba aliyoikandika kwa mikono yake kila mwezi wa Juni kwa zaidi ya miaka thelathini. Gari lilipofika kwenye kona ya mfereji alinyoosha shingo, akauona.

Ukumbi ule ulijengwa kwa matofali mabichi, na siku zote ulikuwa na rangi ya ardhi iliyouzunguka, kiasi kwamba wageni walipita barabarani bila kujua kuna jengo. Sasa ulionekana kutoka mbali. Kuta zilikuwa laini, za rangi ya waridi iliyopauka, na kona zimenyooka kama za boksi la viatu. Ulikuwa umepigwa lipu ya saruji kutoka juu mpaka chini. Kando ya mlango kibao cha shaba kiling'aa, na hata kutoka garini aliweza kusoma jina lililoandikwa pale. Lilikuwa lake.

Casimira alipunguza mwendo, akamtazama kwa pembe ya jicho. "Umeona? Watu wanakupenda, Shangazi."

Kitu cha kwanza kilichompata Eufelia hakikuwa hasira. Kilikuwa nafuu, kama ya mtu aliyebeba gunia kutwa nzima akaambiwa, haya, tua. Sitakandika tena, mwili wake ulisema, kabla akili haijafika. Kisha akili ikafika.

Udongo hunywa maji na hutoa jasho. Ukiuvika koti la saruji, maji yataingia kutoka chini, au kupitia ufa mwembamba usioonekana, na hayatapata pa kutokea. Tofali litarudi kuwa tope humo ndani, kimya kimya, na watu wataendelea kulisifu koti mpaka siku ukuta utakapokaa chini. Kila mtu wa bonde lile alilijua jambo hilo. Kikanisa cha Cañada Chata, kijiji cha jirani, kilianguka hivyo hivyo wakati wa Kwaresima, miaka kumi na mitano baada ya kuvikwa saruji kwa sherehe na nyimbo, na watu wa El Encinal walikwenda na majembe kuwafukua watakatifu wa mti kutoka topeni. Eufelia alikuwepo. Belarmino Trujillo, mwanafunzi wake wa zamani na sasa fundi wa ujenzi, alikuwepo pia. Yeye ndiye aliyembeba mabegani Bikira wa mti, Mama wa Huzuni, tope likimchuruzika shingoni.

Na lipu hii, Eufelia aliiona tangu garini, ilikuwa kazi ya Belarmino.

"Vipi, Shangazi? Mbona kimya?"

"Nimechoka na safari," alisema. Ulikuwa ukweli, ingawa si wote.

Jinsi mwanamke huyu na ukuta huu walivyokuja kufungamana, yafaa tuisimulie kidogo. Eufelia alizaliwa nyumba ya tatu kutoka kanisani, mtoto wa mchunga kondoo, na alisoma katika jengo lilelile lilipokuwa shule ya chumba kimoja. Zilikuwa enzi ambazo mtoto aliyeponyokwa na neno la Kihispania, lugha ya nyumbani, alisimamishwa konani, uso ukutani. Eufelia alikuwa na mdomo, kwa hiyo kona ile aliijua vizuri. Ukuta wa ndani ulipakwa udongo mweupe wenye chembe za ulanga zinazometameta, na mtoto akiutazama kwa muda mrefu huanza kuona milima, farasi, nyuso za watu. Baadaye, watu walipomuuliza alijifunzia wapi kuchora, alikuwa akijibu, "Konani."

Alikwenda kusomea ualimu, akafundisha kuchora katika shule kubwa ya mjini, akarudi nyumbani baba yake alipougua. Wakati huo kaunti ilikuwa imeifunga ile shule ndogo na ilitaka kumpa mtu aweke majani ya ng'ombe. Eufelia alikwenda ofisini akaiomba. Aliulizwa atafanyia nini. Akasema atawafundisha watoto vitu ambavyo tayari ni vyao wenyewe. Nadhani walimpa ili aondoke.

Humo aliwafundisha watoto wa kijiji kuchonga watakatifu kwa mti laini unaoota kando ya mto, kama babu yake alivyochonga. Kuwapaka rangi za udongo waliochimba wenyewe, mwekundu wa korongoni, wa njano wa nyuma ya makaburi. Kubandika mabua ya ngano kwenye msalaba mweusi mpaka ung'ae kama dhahabu. Lakini alikuwa na sharti moja. Hakuna aliyeshika kisu kabla hajashika tope. Kila Juni, kabla ya mvua za Julai, watoto na wazazi wao walichekecha udongo, wakauchanganya na mchanga na mabua, wakakandika ukumbi upya kwa viganja, bila mwiko. Aliyekandika alipata nafasi kwenye benchi. Asiyekandika alirudi nyumbani akatazame televisheni.

Na kila mkono una mwendo wake. Huyu husukuma udongo kwa kiganja kwenda juu, yule huuvuta kwa vidole, na alama hubaki ukutani kama mistari ya mawimbi. Eufelia aliweza kusimama nje akasema, hapa ni Tranquilino, hapa ni wale mapacha, hapa mtu alikuwa amenuna. Belarmino, mtoto wa mwenye pampu ya petroli, alikuwa na umri wa miaka kumi alipokuja mara ya kwanza, na alikuwa wa mkono wa shoto. Mjini walimu wake walikuwa wakimkataza kuutumia. Mistari yake ilikimbia kinyume na ya wenzake, nao wakamcheka. Eufelia alimpeleka kwenye kipande cha ukuta kilicho kushoto mwa mlango, pale ambapo mkono wa kulia hugonga mwimo na wa shoto hupata nafasi.

"Hapa ni pako," alimwambia. "Hapa wewe ndiwe wa kawaida."

Tangu siku hiyo, hata alipokuwa mtu mzima mwenye kampuni yake ya ujenzi na pikapu mbili, hakuna mwingine aliyewahi kukandika pale.

Watoto waliopita mikononi mwa Eufelia hakuwahesabu. Wachache wanaishi kwa kuchonga. Wengine wanasafisha hoteli, wanatunza wagonjwa, wanapanda basi alfajiri kwenda kazini kwenye maabara iliyo mlimani. Wengine sindano ya dawa za kulevya iliwachukua, na misalaba ya baadhi yao aliichonga mwenyewe. Mtu akimwambia kuwa ameokoa kijiji, alikuwa akimtazama kama mtu aliyeingia nyumba siyo.

Erlinda Maestas, jirani yake tangu utotoni, alikuwa amekaa kibarazani kwake Eufelia akikata vitunguu bakulini, kana kwamba nyumba ni yake.

"Umerudi?" alisema bila kuinuka. "Na mimi nilikuwa nimeshazoea kupumzika."

"Endelea kupumzika. Sijaja kukusumbua."

"Mtazame alivyokonda. Casimira, ulikuwa unamlisha nini huko, magazeti?"

"Anakataa kula, Mama Erlinda."

"Atakula leo. Haya, umeuona?"

"Nimeuona," Eufelia alisema, akajishusha kwenye kiti kidogo kidogo, nyonga ikilalamika.

"Wamekuzika umesimama, mwenzangu. Na kibao wameweka."

"Na wewe ulikuwa wapi wakati wanapiga hiyo saruji?"

"Hapahapa. Nilimwambia Belarmino, mwanangu, yule bibi akirudi atakuchinja kwa kile kisu chake cha kuchongea masikio ya watakatifu. Akaniambia, Mama Erlinda, leta kahawa."

"Ukafanyaje?"

"Nikaleta kahawa."

"Ukaleta kahawa!"

"Sasa wangekunywa nini? Jua lilikuwa kali." Erlinda alifuta machozi ya vitunguu kwa mkono wa gauni. Kisha akashusha sauti. "Utasema?"

"Sijui."

"Ukisema, utawavunja moyo mbele ya watu wote, siku ya Mtakatifu Santiago, na chakula mezani. Usiposema, ukumbi utaanguka, na huenda uanguke watoto wakiwa ndani. Mimi simo. Mimi nina posole jikoni, na mahindi yake hayajaiva."

"Nimechoka, Erlinda."

"Najua. Hata mkongojo wako umechoka."

Ibada ilikuwa fupi. Zamani, baada ya ibada, Santiago wa mti alizungushwa mashambani juu ya farasi, na farasi wengine nyuma yake mpaka vumbi likafunika kijiji. Mwaka huu alizungushwa kwenye pikapu ya Belarmino, amefungwa kamba kiunoni asianguke. Eufelia alimwangalia akipita. Alikuwa amemchonga mwenyewe, na kila mara alipomwona alisikitika kwamba shingo ya farasi ilikuwa fupi mno.

Baadaye watu wakakusanyika mbele ya ukumbi, chini ya maturubai. Bwana mmoja kutoka ofisi ya kaunti alisoma karatasi ndefu. Alisoma juu ya mchango usiofutika, juu ya urithi, juu ya taa iliyowaka gizani. Matone ya kwanza yalianza kupiga turubai, naye akapandisha sauti.

"Anamsomea marehemu gani?" Erlinda alinong'ona, lakini mnong'ono wake ulikuwa wa mtu asiyesikia vizuri, na safu mbili za viti zikacheka.

Kisha Belarmino akasimama. Alikuwa msimamizi wa sikukuu mwaka ule, mwanamume mpana wa miaka arobaini na mitano, shati jeupe likimbana, na hakujua aweke wapi mikono.

"Mimi si msemaji," alianza. "Mwalimu anajua. Alitufundisha kwamba kitu kizuri lazima ukirudie kila mwaka, la sivyo si chako. Sisi tumekirudia. Sasa tumeona… tumeona imetosha. Tumeona tumwambie, Mwalimu, pumzika. Ukuta huu hauhitaji tena mgongo wa mtu yeyote." Akaonyesha kwa mkono wa shoto. "Ni huo. Ni wako."

Watu walipiga makofi, na mvua ikapiga makofi juu yao. Eufelia akaombwa azungumze.

Alisimama, akishikilia mkongojo. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: Wanangu, mmesahau Cañada Chata? Lakini alipotazama mbele, macho yake yalifanya yaliyozoea kufanya, yakatazama mikono. Ya Tranquilino ilikuwa juu ya magoti, imevimba viungo, haifungi wala haifunguki. Wale mapacha, siku hizi alikuwa amebaki mmoja, na mkono wake mmoja ulikuwa na bandeji ya kazini. Wanawake waliokuwa wasichana wake wa benchi walikuwa wamekaa wakisinzia kidogo, maana walitoka zamu ya usiku wakaja moja kwa moja kupika. Vijana walikuwa wachache, wamesimama nyuma, simu mikononi.

"Nimeiona kazi yenu," alisema. "Najua kazi ni nini, kwa hiyo najua mmechoka kiasi gani. Mungu awalipe."

Walingoja zaidi.

"Kuleni sasa," alisema. "Posole inapoa."

Wakacheka, wakapiga makofi tena, viti vikaburuzwa. Eufelia akawaambia anaingia ndani kutafuta kiti chenye mgongo.

Ndani mlikuwa na harufu ya panya na mbao. Mabenchi yalikuwa palepale. Mtakatifu mmoja alikuwa bado amebanwa kwenye jiliwa, uso haujachongwa, jinsi alivyoachwa siku ile ya barafu. Mvua ilikuwa ikimwagika kutoka paani, na kwa kuwa mchirizi ulikuwa umelegea, maji yalipiga chini ya ukuta kwa nje, palepale karibu na ile kona aliyokuwa akisimamishwa utotoni. Eufelia aliikaribia. Akaweka kiganja ukutani, usawa wa goti, akiinama kwa taabu.

Ulikuwa baridi na umelowa. Udongo mweupe ulibanduka kama ngozi ya mgonjwa, ukamwangukia juu ya kiatu. Wahenga walisema asiyeziba ufa hujenga ukuta. Hawa walikuwa wameziba ukuta mzima, na ufa ukabaki ndani.

"Baraka, Mwalimu."

Belarmino alikuwa mlangoni, sahani ya posole mkono mmoja, mkate wa tanuri mkono mwingine. Alipomsalimia aliinamisha kichwa kama mtoto, na Eufelia akamchorea msalaba kipajini kwa kidole gumba, kama alivyomfanyia tangu zamani.

"Mungu akubariki, mwanangu."

"Hujala."

"Weka hapo." Hakuondoa mkono ukutani. "Njoo ushike."

"Sina haja ya kushika."

"Shika."

Alikuja, akashika. Walikaa hivyo kidogo, viganja viwili ukutani, mvua nje, na mtu akicheka kwa sauti kubwa chini ya maturubai.

"Nilijua," Belarmino alisema.

"Najua ulijua. Wewe ndiwe ulimbeba Mama wa Huzuni. Ndiyo maana nakuuliza wewe, simuulizi yule bwana wa taa gizani."

"Unataka nikuambie nini?"

"Niambie kwa nini."

Alikaa kwenye benchi la watoto, magoti yakapanda karibu na kidevu. "Juni hii nilipiga kengele ya kukandika. Kama kila mwaka. Nilileta udongo kwa lori, nikaleta mabua. Unajua nani alikuja? Tranquilino alikuja na magoti yake. Mama Erlinda alikuja, akakaa kitini akatoa amri. Pacha alikuja saa moja kisha akaitwa kazini. Na mimi. Mwaka jana ilikuwa hivyohivyo, Mwalimu, ila wewe ulikuwepo, na ukiwepo watu wanaona aibu kutokuja. Wewe mwenyewe ulikuwa unakandika nusu ya ukuta. Hukuona?"

"Niliona."

"Basi nikasimama pale na lori la udongo. Nikajiambia, bila kukandika, mvua itaukata mwaka huu huu. Kwa saruji utakaa miaka kumi, labda kumi na mitano kama tukibahatika. Nikachagua kumi na mitano."

"Halafu?"

"Halafu sote tutakuwa tumelala kule makaburini, kwenye udongo wa njano."

"Wewe una miaka arobaini na mitano, Belarmino. Acha kujipeleka."

"Mgongo wangu una sitini." Alisugua uso. "Sikufanya kwa kusahau ulichotufundisha. Nilifanya kwa kukikumbuka. Nilikumbuka vizuri jinsi kilivyo kizito."

Eufelia aliondoa kiganja ukutani, akakipangusa kwa gauni. Alikaa kwenye kiti chake chenye mgongo.

"Asubuhi nilipouona," alisema, "nilifurahi."

Belarmino akainua kichwa.

"Kwa muda mfupi. Nilifurahi kama punda aliyevuliwa tandiko. Sikukuambia pale nje kwa sababu ningeanza kulia, na Erlinda angenisema mpaka Krismasi."

"Basi tuuache," Belarmino alisema kwa upole. "Mwalimu, tuuache. Watu wamefurahi. Jina lako liko pale."

"Jina langu likae. Halinisumbui, wala halinywi maji." Alionyesha kwa mkongojo kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti. "Hapa tu. Vunja saruji hapa chini, kuzunguka jengo lote, ukuta upate pa kutolea jasho. Halafu pakandikwe udongo. Hapa chini tu. Si kazi ya kijiji kizima. Ni kazi ya watu wachache waliochoka."

"Kila mwaka."

"Kila mwaka."

Belarmino alitazama sahani aliyoileta. Mafuta mekundu ya pilipili yalianza kuganda pembeni. "Saruji ile nimeifunga kwa wavu wa chuma, na misumari. Nimeipiga kwa mikono yangu. Na unataka niivunje mbele ya watu walionichangia, siku ya pili."

"Sijasema uivunje wewe."

"Nani, basi? Wewe na hiyo nyonga?"

Eufelia akavuta sahani ya posole karibu.

"Kesho ni sikukuu ya Santa Ana," alisema Belarmino akisimama. "Nina wageni nyumbani, wakwe zangu wote. Kula, Mwalimu."

Alitoka. Hakuahidi kitu, naye Eufelia hakumwomba aahidi. Alikula posole yake yote, na mkate, kwa kuwa ni dhambi kumwaga chakula cha sikukuu. Jioni Casimira alimrudisha nyumbani, akampa vidonge vyake. Erlinda alipita kuchukua sufuria.

"Sikukusikia ukisema kitu," alisema.

"Sikusema."

"Kwa hiyo utauacha."

"Lala, Erlinda."

"Sisikii."

"Nimesema lala!"

Asubuhi ya Jumapili kulikuwa kumekauka, na ukungu mwembamba ulikuwa ukitoka mferejini. Casimira alikuwa bado amelala. Eufelia alivaa gauni lake la kazi, akachukua kigoda cha kukamulia mbuzi alichoachiwa na baba yake, akaenda ukumbini polepole, akipumzika kwenye kila mti. Akatoa kwenye benchi nyundo na tindo, lile tindo pana la kupunguzia mti kabla ya kuchonga, ambalo si hasara likiharibika. Akaketi kwenye kigoda nje ya ile kona, akaweka tindo juu ya saruji pale ambapo mkono ulifika bila kuinama, yaani usawa wa goti, akagonga.

Haikutoka kwa urahisi. Belarmino alikuwa fundi mzuri. Alipofika kwenye wavu ilimbidi aukate kwa koleo, waya mmoja mmoja, akikoroma kwa hasira na fundi yule. Lakini kipande kilipobanduka kilibanduka kama ganda la mkate, na nyuma yake tofali lilikuwa jeusi, limelowa, likitoa harufu ya pishi. Jua likalipiga. Eufelia alilitazama likianza kupauka pembeni, akasogeza kigoda.

Erlinda alikuja na kahawa kwenye chupa, akasimama juu yake na mikono kiunoni.

"Wewe una wazimu."

"Leta hiyo kahawa."

"Naileta. Kazi yangu ni kuleta kahawa, si umesema?" Alimimina, akamkabidhi, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikaa hivyo muda mrefu akilaumu kila mtu, kaunti, paroko, saruji, nyonga. Kisha, bila kuacha kulaumu, akavuta chekecheke karibu na lile lundo la udongo lililobaki tangu Juni, ambalo hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuliondoa, akaanza kuchekecha.

Jua lilipopanda Eufelia alikuwa ameumaliza ukuta wa kona. Akachanganya udongo kidogo na mabua katika karai, akauacha unywe, akauchukua kwa kiganja, akaukandika mahali palipokauka. Mstari wake wa kwanza ulipinda. Wa pili ulikaa. Aliosha mikono mferejini, akapumzika, akarudi, akabeba kigoda hadi upande wa mlango.

Alivunja kulia mwa mlango, chini ya kibao chenye jina lake, bila kukigusa. Kengele ya ibada ikalia, hakuinuka. Alipofika kwenye mwimo akafuta tindo kwa upindo wa gauni, akainua kigoda, akaruka kile kipande cha kushoto mwa mlango, na kukaa upande wa pili wake, akaendelea kugonga kutoka hapo.

"Umeruka," Erlinda alisema. "Pale. Umeruka kipande."

"Najua," Eufelia alisema. "Pale si pangu."